Teke

Mzee Shebwana alifika darasani kabla ya wenzake,
kanzu ina doa la wino, simu kaishika kwa vidole viwili
kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.
"Mwalimu," kasema, "mjukuu wangu Nabhan, wa Lesta,
kaniletea ujumbe wa sauti. Asema kila nikimsimulia
vituko vya mbuzi wa jirani yetu hapa Kuze,
yeye hupata teke.
Basi nnambie: nani ampigaye?"

Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Nikaandika msemo wa Waingereza ubaoni,
na chini yake: kuona raha. Kusuuzika roho.
Akasoma polepole, mdomo ukitangulia jicho.
"Kusuuza nakujua. Ni maji ya mwisho,
nguo ikishatoka povu. Marehemu mke wangu
alisuuza mara tatu, ya tatu kwa maji ya kisima.
Sasa sisi roho zetu husuuzwa,
na za wenzetu hupigwa mateke,
na sote twafika kwenye raha ile ile?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na mifano:
ukoko wa wali wa nazi, ukibanduka sufuriani mzima.
Stima kurudi Majengo, mtaa wote ukapiga ukelele mmoja.
Mtu aliyekosea namba, mkazungumza robo saa.
"Hilo la tatu liondoe," akasema. "Hilo ni upweke."
Nikalifuta.

Darasa likajaa. Kila mtu atoe sentensi yake.
Wa hoteli ya Nyali akataja bakshishi,
wa bandarini akataja kreni inapogoma Ijumaa.
Mejumaa, mimba ya miezi sita,
viti vyetu vyamwumiza mgongo,
hakutaja kitu. Aliweka kiganja ubavuni,
akatulia kama anayesikiliza hodi ya mlango wa nyuma.
Kisha: "Hili hapa. Jamani, hili hapa. Latokea ndani."

Kimya. Feni peke yake.
Mzee Shebwana akatazama ubao,
akamtazama Mejumaa, akatazama ubao.
"Kumbe," akasema. Neno hilo tu.

Alipotoka nilimsikia ngazini, simu mdomoni,
kwa sauti ile ya kuwaita walio ng'ambo:
"Nabhan! Yule mbuzi leo kala bili ya stima,
na mwenyewe amfukuza kwa kandambili moja.
Kaa vizuri, mjukuu wangu.
Nakupiga."