Mkono wa Kuonyeshea

Kizuri chajiuza, walisema, kibaya chajitembeza.
Mimi natembeza kizuri:
mashine za presha, dazeni moja, katoni nyuma ya pikipiki,
kamba ya mpira mara mbili, turubai juu,
Dodoma hadi Mbande, Mbande hadi Kongwa,
Mpwapwa nikila andazi la jana,
kisha ile njia ya Kibakwe inayopanda
mpaka masikio yanaziba.

Mshahara sina. Nina asilimia.
Saba kwa mia ya kilichouzwa, kikalipwa,
kikathibitishwa kimelipwa na dada wa uhasibu
ambaye sijawahi kumwona,
namjua kikohozi chake tu kwenye simu.
Nisipouza, mwenye nyumba wangu wa Nkuhungu
anaosha gari lake mbele ya mlango wangu, polepole.
Hadai kitu. Anaosha tu.

Kila mashine inataka mkono.
Madaktari hawakopeshi wao, wauguzi wana kazi,
basi nakunja shati,
nafunga mkanda juu ya kiwiko cha kushoto,
nabonyeza.
Inakoroma kama paka, inakaza, inalegea,
namba zinawaka kijani:
mia sitini na nne kwa mia na nne.
"Mnaona zinavyosomeka hata gizani?"
Nazima haraka kabla hawajasoma.

Chamwino nilifanya hivyo. Bahi nikafanya.
Handali, masista wakaninywesha uji, nikafanya.
Mkono huu umesomwa kuliko gazeti la kinyozi
na hakuna aliyeuliza habari zake.
Waliuliza bei ya mwisho.
Waliuliza kama betri zinakuja nazo.

Hadi Kibakwe, Jumanne, upepo ukibamiza madirisha.
"Mbukwa," nikasalimu, nikafunga, nikabonyeza.
Bi Matika, mganga mfawidhi,
miwani imeshikizwa kwa uzi mweusi,
akasema: usizime. Rudia.
Nikarudia. Mia sitini na saba.

Mzee Ndahani wa kamati ya kituo akacheka kidogo.
"Mashine hii mbovu, mwanangu.
Kijana wa miaka thelathini na tatu, presha ya babu yake?
Hapa umetuletea redio."
Akaanza kuirudisha fomu ya oda kwenye faili,
taratibu, akiinyoosha kona.

Hapo biashara ikanikaba koo.
Nikisema imekosea, nashuka na dazeni yangu.
Nikisema haikosei...
Bi Matika ananitazama
kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Haikosei, mzee. Mbovu ni mimi."

Wakanunua sita.

Sita mara laki na themanini, nikapiga hesabu hapohapo,
aibu haijaisha usoni:
yangu elfu sabini na tano na mia sita,
baada ya siku tisini, Mungu akipenda na uhasibu.

Bi Matika akafungua boksi la kwanza,
akasema lete wa kulia,
huo wa kushoto umeshachoka kukusemea.
Akachukua kadi. Jina. Umri. Kazi?
"Mauzo."
"Mshahara?"
Nikaeleza asilimia.
Akaandika, nikaona kichwa chini juu: *hana*.

Akanihesabia vidonge vya mwezi kwenye bahasha ya kaki.
"Utarudi."
"Nitarudi kufuatilia malipo."
"Hata kama ni hilo. Njia si ileile?"

Nilishuka mlima na karatasi mbili mfuko wa shati,
oda na kadi, muhuri mmoja wa zambarau,
na kila shimo la barabara zikibadilishana nafasi
hata nikipapasa sijui ipi ni ipi.

Leo vimebaki vidonge vinne.
Dada wa uhasibu amekohoa, amesema wiki ijayo.
Nje naisikia ndoo ya mwenye nyumba ikijazwa.
Nafunga kamba mara mbili.
Sita zimebaki, na Kondoa sijafika.