Nati ya Mashoto

Mvua ya Osorno haina adabu, huingia bila hodi.
Mazishi yalikwisha saa tisa; nikarudi karakana
kuzima taa ambayo Daktari Eduvigis Oyarzún
hakukubali izimwe.

Pampu ya kwanza aliitoa zizini kwa mjomba wake,
mashine ya kukamulia ng'ombe.
"Inayovuta maziwa bila kuumiza chuchu," alisema,
"itasukuma damu bila kuivunja."
Nikacheka. Mimi fundi chuma, nilijua nini?
Wakubwa wa Santiago walimwita daktari wa zizi.
Aliipenda lakabu hiyo.

Kondoo saba walikufa. Wa nane alisimama, akatunyea sakafuni,
tukakumbatiana kama tuliopata mjukuu.

Kisha Nahuel, mtoto wa mchuuzi wa kome:
moyo wake kimya mezani, dakika kumi na moja,
mashine yetu ikihema kwa niaba yake.
Hakuamka.
Daktari aliandika jina lake kwa penseli, ndani ya mlango wa kabati,
akaacha nafasi chini.
Nafasi ile ilijaa. Idadi ninayo, siitaji.

Waliopona hawakuandikwa popote.
Leo walikuwepo makaburini, na miavuli yao,
mmoja ameota mvi.

Mashine za sasa hutoka ng'ambo, zina jina la kampuni.
Ila nati ya bomba kuu bado hukazwa kinyume,
na mafundi vijana hulaani: mpumbavu gani alibuni hivi?

Alikuwa mashoto.

Nimezima taa.
Nimeiwasha tena.