Bila Risiti

Leo asubuhi, soko la Kadutu, mvua ikiwa bado imeshika mlima,
kijana wa komini alininyang'anya sashe kumi na mbili
nyeusi, nyepesi kama ganda la kitunguu.
"Mama Nsimire, sheria inakataza."
Nikamwambia anioneshe, nami najua kusoma.
Akasema faranga elfu tano.
Nikalipa. Nikadai risiti.
Akacheka, akapima kwa mkono wake kikombe cha sambaza,
akawafunga ndani ya sashe yangu mwenyewe,
akateremka nao.

Nyuma yake lori lilikuwa linashusha mabunda
mlangoni pa depo ya Balolebwami:
sashe zilezile, nyeusi, bado zina joto la safari.
Shingo ya mtu wa komini
haigeuki upande wa malori.

Juzi walituita semina, hoteli ya Muhumba,
wauza samaki sita, wakubwa arobaini.
TUOKOE ZIWA LETU, lilisema bango,
nalo lilikuwa la plastiki.
Kila kiti na chupa yake ya maji.
Mheshimiwa akafungua yake, akanywa funda moja,
akaisogeza kando, akafungua nyingine.
"Mabadiliko," akasema, "yanaanza kwako, mama,"
na kidole kikanyooka moja kwa moja hadi kwangu.
Niligeuka kutazama kama nyuma yangu kuna mama mwingine.
Kulikuwa na ukuta.

Usiku ule umeme ukakatika.
Mume wangu Zihindula alifanya kibarua Ruzizi miezi minane,
anasimama juu ya bwawa na reki ndefu
anazoa uchafu kabla haujazikaba mashine.
Gizani ndipo anaposimulia:
baada ya mvua chupa hufika kwa makundi
kama watu wanaotoka misa ya kwanza,
hii ya harusi, hii ya matanga,
hii ya mafuta ya mtoto,
na kandambili, daima ya mguu wa kushoto,
hajui kwa nini.
"Tunachokitupa mchana," anasema, "kinaturudia usiku
kikiwa giza."
Kisha ananiuliza kiberiti kiko wapi.

Basi tangu Jumatatu nafunga samaki kwa jani la mgomba.
Msinisifu.
Jani ni faranga mia, sashe ni hamsini,
na hiyo hamsini nyumbani kwangu inaitwa chumvi.
Madamu Cibalonza wa Nguba alitazama jani
kama mtu aliyepewa mtoto mwenye mafua.
"Litavuja kwenye viti vya gari."
Akaenda kwa jirani yangu Mapendo, mwenye sashe,
na Mapendo akakwepa macho yangu mpaka saa sita.
Simlaumu. Ana watoto saba,
nao hawali majani ya mgomba.

Lakini jana jioni alikuja msichana wa shule, soksi zimejaa tope,
na bakuli la mama yake lenye mfuniko uliopasuka.
"Mama amesema utie humu."
Nikatia kikombe.
Nikamwongeza samaki watano.
Hiyo ndiyo sera yangu ya mazingira:
samaki watano kwa kila bakuli.
Haijapigiwa kura, haina mfadhili,
na mwezi ukiwa mbaya itashuka hadi watatu.

Chupa ya semina nilirudi nayo.
Imekaa juu ya kabati, nimeitia mawese.
Sijaitupa, si kwa sababu mimi ni mwema.
Nimetafuta mahali pa kuitupa
ambapo haitamfikia mtu, nikapakosa.
Mji wetu wote ni mteremko,
na chini kabisa yuko mtu amesimama na reki.

Na yule kijana wa komini,
akikumbuka risiti yangu, hata kama ni kesho kutwa, ailete.
Nitaipokea kwa mikono miwili.
Karatasi nzuri
hufunga samaki.