Kengele ya Kijani

Dundee, Januari, saa kumi jioni na kiza kimeshajaa.
Eilidh anazima taa, anashusha pazia jeusi,
ananiambia nivue saa: mishale yake inang'aa,
na humu hata punje ya mwanga ni mgeni asiyealikwa.

Tumeifunga dawa kengele.
Si ya shaba. Ni molekuli ya kijani cha limau bichi
iliyoshonwa ubavuni mwake kwa wiki sita
na Zbigniew wa ghorofa ya pili, aliyefumua mara nne
akaanza upya, akinung'unika kwa Kipolandi.
Kwamba dawa inaua, tulijua.
Hatukujua inaingilia mlango gani.

Naweka jicho kwenye darubini.
Seli za lukemia zimetulia sahanini, nono, mviringo,
watoto wa damu waliokataa kubaleghe
na wakakataa kufa.
Zilitoka kwa mtu. Kibandiko kinasema tu:
mwanamke, miaka 41, Perth, halafu nambari.
Mwenyewe alizikwa zamani. Zenyewe zinadai chakula
kila Jumanne na Ijumaa,
na mlishaji ni mimi.

Dakika ya nne, giza.
Dakika ya kumi na moja, pete ya kijani kwenye utando.
Kisha inazama ndani. Haiendi kwenye kiini,
nilikokuwa nimeweka dau la keki moja;
inapita pembeni, inajikusanya jikoni,
kwenye mitokondria,
kama mtu anayejua gesi ya nyumba inafungiwa wapi.

Nilitarajia kishindo.
Seli inajikunja. Inatoa malengelenge.
Inaukatakata urithi wake,
inajifunga vifurushi vidogo vidogo
ili jirani asichafuke.
Ni kufa kwa adabu, mpaka unaona haya kuchungulia.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua
hawakuwahi kuingia chumba hiki.
Hapa anayeumbuliwa ni kifo:
kavaa kijani, na tunamhesabu hatua.

"Usishangilie," anasema Eilidh.
Na kweli. Paka aliyevaa kengele si paka yule yule.
Huenda kengele ndiyo iliyochagua njia,
paka akaburutwa tu.
Basi kesho ni kengele peke yake, bila paka;
keshokutwa paka mtupu, kimya, asiyeonekana,
na sisi tubaki kuhesabu panya.

Kijani kimeanza kufifia. Ndiyo tabia yake:
leza inayokiwasha ndiyo inayokichosha,
kila nikitazama napunguza cha kutazamwa.
Napiga picha moja zaidi, ambayo pengine sikuihitaji.
Naandika daftarini saa, joto, nambari ya mwanamke wa Perth.

Eilidh anawasha taa. Sote tunafumba macho.
Ni Ijumaa. Kwenye kabati la joto
zile ambazo hatujaziua
zinangoja kula.