Nne na Nusu

Gitaa langu lilikuwa likisema kweli tupu,
na kweli tupu haina ladha.
Kila noti ilitoka imenyooka, imekauka,
kama shati lililoanikwa nje Tampere mwezi wa Januari:
ukilikunja, linavunjika.

Kompyuta ilinipa joto la kuchagua kwenye orodha,
joto la zamani, joto la kanisani, joto namba tatu.
Niliyajaribu yote nikiwa na soksi mbili mbili.
Jalmari, mpiga ngoma wetu, akasikiliza hadi mwisho.
"Unapiga vizuri," akasema. "Ila nani anayepiga?"

Nikapanda basi hadi Valkeakoski,
mji unaonuka karatasi mbichi,
kwa Bi Orvokki, aliyekuwa akiuza vyombo vya marehemu mumewe.
Aulis alikuwa akirekodi vitabu vya wasioona
ndani ya kabati la nguo,
makoti ya baridi yakimezea mwangwi.

Chombo chenyewe: kikuza sauti cha awali, cha valvu,
upana wa rafu, unene wa kamusi mbili,
masikio ya chuma yenye matundu manne, na skrubu tatu.
Kando ya kifundo cha kwanza, mkwaruzo wa penseli:
nne na nusu.
"Hapo ndipo alipokuwa," Orvokki akasema,
nami sikujua anataja kifundo au mume.
Akahesabu noti zangu, akanimiminia kahawa ya tatu.
"Usiweke kitu juu yake. Kinapumua."

Chumba chetu kiko chini ya kiwanda cha pamba kilichokufa.
Nikakifunga kwenye rafu kwa skrubu tatu na kipande cha waya,
nikachomeka gitaa tundu la nyuma,
likatoka likinung'unika, kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni.
Saa nzima nililaumu valvu.
Kumbe kuna tundu jingine mbele, dogo, la gitaa,
limezibwa na stika ya bei.

Valvu hazikurupuki.
Kwanza giza.
Kisha uzi mwembamba wa chungwa nyuma ya matundu ya bamba,
makaa yaliyofukiwa majivuni
yakikumbuka kazi yao.
Nikangoja. Nikapuliza vidole. Nikagusa uzi wa tatu.

Haikuwa kubwa zaidi. Hilo niliseme.
Noti ilikuja na ukingo wa mviringo,
imekolea,
kama chai iliyoachiwa majani yake
dakika ile moja ambayo mwenye haraka huikosa.
Nikiigusa kwa ncha ya kidole, ilinong'ona.
Nikiikwangua kwa hasira, ilichanika pembeni tu,
ganda la mkate likipasuka tanurini,
ndani bado laini.

Lakini nyuzi nene zilivimba, zikavuruga tope.
Nne na nusu lilikuwa koo la Aulis,
mzee akisoma taratibu katikati ya makoti.
Gitaa langu halikuzaliwa na koo lile.
Mkono ukasita juu ya kifundo
kama mtu anayehamisha kiti cha mwenye nyumba.
Nikakirudisha chini, robo kwa robo,
mpaka tope likatuama
na kila uzi ukaonekana chini ya maji.
Tatu, na kitu kidogo.
Nikaweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu.
Penseli sikuifuta.

Jalmari alikuja na theluji mabegani.
Nilikuwa nikirudia vipimo vinne vilevile,
vile alivyovichoka tangu Oktoba.
Hakuuliza nani anayepiga.
Alisimama, ngozi ya begi ikidondosha maji sakafuni,
akavua glavu, moja, halafu ya pili,
akatafuta mahali pa kuzikausha,
akaiona ile nafasi tupu ya rafu, juu ya bamba la moto.

"Si hapo," nikamwambia.
"Kinapumua."