Pale Mkasi Ulipopita

Muziki huu haukuwahi kuuzwa.
Hauna sahani, hauna jalada lenye mwanamke aliyelaza shingo.
Umo kwenye utepe wa hudhurungi, ndani ya kopo la biskuti,
juu ya kabati la mamangu, Kibokoni,
na kifunikoni babangu ameandika kwa kalamu ya risasi:
Usifute. Usiazime. Famau.

Alikuwa opareta wa Sinema Nuru, barabara ya Salim,
miaka kumi na tisa katika chumba chenye joto la tanuri
na tundu moja la kuchungulia.
Nyota wa Hollywood hakuwajali. Farasi, bastola, kofia:
"Hao wote vibarua. Mwenye kazi ni yule asiyeonekana."
Jina la mtunzi lilipita kwenye pazia sekunde nne,
baada ya mshona nguo, kabla ya mwenye taa.
Babangu alilisoma kwa Kimvita chake: Lendovai.
"Lendovai ana huzuni wiki hii," alituambia,
akimega mkate wa mofa,
kama anayemtaja jirani wa ukuta mmoja.

Filamu zilitufikia zimeshachoka. Nairobi kwanza,
na Nairobi kulikuwa na mkasi.
Walikata mabusu. Lakini sauti na picha hulala ukanda mmoja,
na sauti hutangulia kidogo,
hivyo ukikata midomo
umekata fidla za jambo ambalo bado halijatokea.
Muziki uliruka, kama mtu aliyekosa kidato gizani,
viti vya mbele vikapiga miluzi, vikarusha maganda ya njugu,
na babangu kule juu akafumba macho kwa aibu
isiyokuwa yake.

Jumatano, siku ya watazamaji wachache,
alitega kinasa sauti mbele ya spika.
Ndiyo maana humu mna kikohozi cha mtu,
mna honi ya meli Kilindini, imejipenyeza chini ya tarumbeta,
mna muuza kahawa akigonganisha vikombe nje,
na adhana ya Isha imekatiza katikati ya vita.

Na yeye yumo.
Kila mkasi ulipopita, babangu anaimba kwa pua,
vipimo kumi na kimoja, mara kumi na viwili,
akiubeba wimbo kutoka ukingo huu hadi ule
mpaka fidla zirudi, zimpokee mzigo.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka ng'ambo, Tobias,
shingo imebabuka kwa jua.
Karatasi za Lendovai, alisema, studio ilizitupa;
zimefukiwa chini ya maegesho ya magari.
Yeye ana kurasa tatu tu, alizozificha mnakili.
Alisikiliza utepe wote bila kugusa chai.
Akapangusa macho. Kisha akasema ana mashine kwao,
itaondoa honi, itaondoa kikohozi,
na huyo mtu anayenguruma.

Huyo mtu.

Nilimletea kinanda cha mjukuu wangu, cha betri,
nikamwomba anipigie ukurasa wa busu la pili.
Akapiga kwa vidole viwili.
Pale babangu anaposhuka, Lendovai anapanda.
Pale babangu anaposubiri, mwenzake keshafika.
Maisha yangu yote nilidhani alijua.
Kumbe alikisia. Alikosea karibu kila nota,
ila ile ya mwisho,
na hiyo nani angeikosa, fidla ziko mlangoni zinamngoja?

Nilicheka hadi kijana akaogopa.

Nakala nilimpa. Aende nayo, ailie huko kwao.
Jioni nikashusha kopo, nikachonga kalamu,
na chini ya mwandiko wa babangu, herufi zangu zikipinda,
nikaongeza neno:
Wala usisafishe.