Kamusi ya Kaunta

Haikuwa na jalada. Ilikuwa imeegemeza mguu mfupi wa kaunta
pale kituo cha polisi, Kabale,
hadi usiku wa zamu ya baba, Koplo Ezaruku,
alipoichomoa akasukuma tofali mahali pake.

Ukungu umelala juu ya mabati. Mahabusu mmoja anakoroma.
Baba anapitisha kidole kama anayekagua gwaride,
anasoma maneno ya Kiingereza
ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuyatupa.

Asubuhi alituletea moja moja,
kama mayai ndani ya kofia.

"Aprisiti," alisema. Tumejibanza ukutani, pua zinachuruzika.
"Joto la jua siku ya baridi."
Mama, mwiko mkononi, bushera inatokota:
"Na sisi twaliitaje?"
Akatafuta kwenye Kilugbara cha mama yake,
akatafuta kwenye Kiswahili cha kambi.
"Sisi twaliota tu," akasema. "Kama ndoto."

Siku nyingine: "Grouki.
Kumkodolea macho anayekula, mpaka akukaribishe."
Sote tukageuka mlangoni,
aliposimama Konstebo Tumuhairwe
akiyasalimu magimbi yetu.
"Kudoea," mama akasema.
Hilo halikuhitaji kamusi.

Lakini alilolipenda ni ovamoro.
"Kesho kutwa! Walikuwa nalo, wakaliangusha njiani.
Sasa kuifikia kesho kutwa
wanapanga maneno manne, matano, foleni ya posho.
Sisi kesho kutwa tunayo,
na nyuma yake mtondo,
na nyuma ya mtondo, mtondogoo."
Akacheka hadi kofia ikamdondoka.
"Siku mbili tumewazidi!"

Kisha likaja lori la Moroto.
Ng'ombe wanaibwa huko, watu wanauawa, majina yamesomwa.
Akanishika sikio: "Narudi mtondogoo."

Nilichora kwa mkaa nyuma ya mlango.
Kesho.
Kesho kutwa.
Mtondo.
Mtondogoo.
Siku ya tano nilisimama na mkaa wangu
sikujua niandike nini.

Huku nyuma Tumuhairwe aliishiwa karatasi za kusokotea tumbaku.
Akaanza na A.
Joto la jua lile likapanda puani mwake,
G ikafuata, na O yote, Jumapili moja ya mvua.
Nilipolia alinijibu kwa upole:
"Maneno mazee ni makavu, mtoto. Yanashika moto vizuri."

Baba alirudi kwa likizo, masika mawili yamepita.
Amekonda, anashtuka mlango ukibamizwa.
Hakuiulizia kamusi. Alikwenda moja kwa moja ukutani
akaegemeza mgongo, akafumba macho, jua likamkuta.

Nikakaa ubavuni mwake.
Baadaye sana nikamwuliza:
siku inayofuata mtondogoo, yaitwaje?

Akajikuna shingo.
"Mwulize Tumuhairwe," akasema.
"Pengine ameivuta."